Mchovya Asali

Kabla hujafika Tutuo, kwenye mteremko
ambapo miyombo hufunika nusu ya barabara kwa kivuli,
tochi ilijificha nyuma ya kichuguu.
Sikuiona. Niliona mkono wa shati jeupe,
kiganja wazi, kama wa mtu anayesimamisha mvua.

Kanta yangu kuukuu, hukohoa ikipunguzwa gia.
Nyuma ndoo ishirini na sita za asali ya Ipole,
na Mhoja, utingo, amelala juu ya turubai,
kandambili zake kifuani.

"Mama, leseni."
Nikampa.
"Mama, umekimbia."
Nikasema, nionyeshe.
Tochi ilikuwa na picha ya gari jekundu.
Langu ni la bluu, au lilikuwa la bluu kabla ya vumbi;
jekundu halijawahi kuwa.

"Basi triengo."
Ninazo mbili.
"Mtungi wa kuzimia moto."
Chini ya kiti, mshale bado kwenye kijani.
Akalizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe,
akabonyeza tairi kwa buti, akarudi,
akachomoa ufunguo.
Redio ikakatika katikati ya bei ya tumbaku.

Nikamwambia: afande, taa ya nyuma kushoto imekufa kweli.
Hilo ni langu. Liandike.
Nipe karatasi yenye namba, nikalipe benki,
hela iende inakokwenda hela ya serikali.
Akanitazama kama niliyemtukana.
Kosa la kweli hakulitaka.
"Ongea vizuri, mama," akasema,
na mimi nilikuwa naongea vizuri tangu asubuhi.

Sijifanyi malaika.
Mwaka juzi, mtoto wa dada ana degedege kitini,
nakimbilia Kitete,
niliviringisha elfu tano ndani ya leseni.
Leseni ikarudi peke yake, nyepesi.
Uzito wake ninao mpaka leo.

Nikamwomba namba yake.
Kizibao cha kung'aa kilikuwa kimefunika kifua chote.
"Namba ya nini?"
Ya kukuita kwa heshima. Maafande mko wengi.
Nikatoa daftari la kurasa arobaini,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
nikaandika: Alhamisi. Saa nne na robo. Ufunguo amechukua.
Sauti ya kalamu haifiki mbali
lakini yeye aliisikia.

Akaenda nyuma, akabandua kifuniko cha ndoo ya kwanza.
"Nakagua," akamwambia Mhoja,
akazamisha kidole cha shahada mpaka kiungo cha pili.
Akalamba. Akafumba macho.
Kwa kitambo kile alikuwa kijana tu, wa mama fulani,
aliyetoka nyumbani bila kunywa uji.
Kisha akachovya tena.
Mhoja alichekea puani.
Sote watatu tunaijua ile methali.
Hakuna aliyeitaja.

Nikakaa ukingoni mwa lami.
Mabasi ya Mpanda yalipita,
mikono ikitoka madirishani imekunjwa
na kurudi imekunjuka.
Nyuki wakaja, wachache, wakatembea juu ya kifuniko
bila kumwomba mtu ruhusa.

Saa tisa na nusu akanirushia ufunguo.
"Nenda. Unanichelewesha."
Mimi!
Nikasema, andika. Andika kosa,
au andika kwamba kosa hakuna.
Akanipa mgongo, akainua kiganja kwa lori la mkaa.

Mnunuzi wa Tabora alikuwa ameshafunga.
Asali ililala garini, nami nikalala nayo.
Kesho yake fundi wa Chemchem alinibadilishia taa,
elfu mbili na mia tano,
na nilimdai risiti mpaka akaniuliza kama naumwa.

Lakini usiku ule, kwa mwanga wa simu,
niliifunua ile ndoo nitazame tundu la kidole.
Halikuwepo.
Asali hujifunga yenyewe, polepole;
uso ulikuwa laini, unang'aa,
kana kwamba hakuna aliyepita pale.

Nikafungua daftari.